Bakuli Lisilorudi Tupu

"Ntakufa mie, ntazikwa, watu watakuja hitimani, watakula, watashiba, watarudi makwao, na bakuli langu litakuwa bado halijarudi," alisema Bi Mwatima. "Na huko kaburini nikiulizwa, ntasema mume wangu kanizika, bakuli kaliacha kwa watu."

Mumewe, Jaku Simai, alikuwa amekaa sakafuni, kamba zake za kuwambia vitanda zimemzunguka kama kuku aliyenasa kwenye wavu. Alimeza mate kwanza. Halafu akasema taratibu, "Kaburini hawaulizi mabakuli."

"Weye ulikwenda lini?"

Jaku akameza mate tena, akarudi kwenye kamba zake, maana ni kweli hakuwahi kwenda.

Ilikuwa Ramadhani, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati mchele ulikuwa adimu na sukari ni ya foleni. Nyumba nyingi za mjini zilifuturu muhogo, na kesho yake zikafuturu muhogo tena, ila kesho yake uliitwa kwa jina jingine. Jaku na mkewe walikaa Kiponda, chumba cha chini cha nyumba ya orofa. Mlango wake mkubwa umechongwa maua, ukiupita unajiona tajiri mpaka ufike ndani. Ndani kulikuwa na kitanda, kabati, na juu ya kabati nafasi ya duara isiyo na vumbi. Hapo ndipo lilipokuwa likikaa bakuli.

Lilikuwa bakuli la kaure, kubwa, maua yake ya buluu, na kifuniko chake kina kishikio mfano wa komamanga dogo. Bi Mwatima alipewa na mama yake, Bi Sichana wa Mkokotoni, siku aliyoolewa. Wanawake wengine siku hiyo huwapa binti zao nasaha. Bi Sichana alitoa bakuli, na nasaha yake ilikuwa fupi: "Siku nitakayokuja nisilikute, nnakuchukua nnarudi nawe."

Watu waliosikia walicheka. Jaku naye alicheka, alikuwa kijana. Lakini baada ya miaka michache Bi Sichana alikwenda kwa binti yake mkubwa, Tabia, akauliza kiko wapi kinu chake, akaambiwa mume kakiazimisha. Alimfungia Tabia nguo zake, akampandisha gari, na mpaka mwaka huo wa hadithi yetu Tabia alikuwa bado yuko Mkokotoni kwa mama yake, na mume alikuwa bado anakitafuta kinu. Tangu hapo Jaku hakucheka tena.

Na sasa habari imefika. Bi Sichana anakuja leo alasiri, kwa gari la shamba, kukaa kumi la mwisho la Ramadhani. Na kila akija hafuturu ila ndani ya bakuli lile.

"Nani alolitoa?" akauliza Bi Mwatima, ijapokuwa alikuwa anajua.

"Mimi."

"Kabati zima limejaa masahani ya bati. Mkono wako ukayaruka yote ukalikamata lile."

"Bi Khamisa alikuwa mgonjwa," Jaku akasema. "Nikaona mgonjwa akiletewa futari kwenye kitu kizuri, atapata nafuu."

"Amepata?"

"Amepata."

"Basi sasa mie ndo naumwa," akasema Bi Mwatima, akajilaza kitandani akageukia ukutani.

Sasa, ili mtu amwelewe Jaku, inabidi aelezwe habari ya mbuzi ya kukunia nazi.

Jaku alikuwa fundi wa kuwamba vitanda. Kitanda cha kamba kikilegea, kikawa kama machela ya kubebea maiti, aliitwa yeye. Alikwenda na kamba zake, akakaa barazani au uani, akakikaza mpaka ukikipiga kofi kinalia kama ngoma. Alikuwa fundi hasa, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kisu chake. Mwenye kitanda akimwambia kaza hapa, Jaku humwambia, "Kaza weye, mie nikalale." Aliwahi kumwambia bwana mmoja wa Vuga, mnene, kwamba kitanda chake hakina kosa lolote, kosa limelala juu yake. Kitanda kilikuwa kimesharekebishwa, bwana yule akalipa, lakini hakumwita tena, wala ndugu zake hawakumwita, na walikuwa na vitanda vingi.

Basi siku moja, miaka michache baada ya Mapinduzi, alikuwa anawamba kitanda chake mwenyewe huku anagombana na mkewe kwa sababu ya samaki. Mkewe anasema samaki kaharibika, yeye anasema samaki huyo ni tabia yake kunuka hivyo. Kila neno alilotoa alivuta kamba kwa hasira, na fundo akalifunga huku anatazama mlangoni anatafuta jibu. Kazi ikaisha, akala yule samaki peke yake ili aonyeshe, akajitupa kitandani kulala mchana.

Mafundo yaliachia yote kwa pamoja. Jaku alishuka. Na chini ya kitanda, kama ilivyo katika kila nyumba ya watu wastaarabu, kulikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, imekunjuliwa, meno juu, inangoja.

Tusiseme alivyotua. Tuseme tu kwamba kwa wiki kadhaa alisali kwa kusimama na kulala, kitako hakikuwemo. Watu walikuja kumtazama, wakaingia na nyuso za huzuni na wakatoka mbio ili wakacheke barabarani. Yule bwana mnene wa Vuga alikuja pia. Aliitazama ile mbuzi, akamtazama Jaku, akasema, "Mbuzi haina kosa," akaondoka zake.

Mtu akilala kifudifudi wiki kadhaa hana la kufanya ila kufikiri. Jaku alifikiri. Akaona kwamba fundo lililofungwa kwa hasira linaonekana sawasawa na fundo jingine, mpaka ulilalie. Akaona na maneno ni vivyo hivyo. Akaweka shauri: kuanzia leo, kabla hajasema kitu, atameza mate kwanza. Mate yakipita, atatazama kama lile neno bado analitaka. Na kila asubuhi akikunjua kamba zake, atajiuliza leo amfurahishe nani.

Mwanzoni watu walidhani masikio yameharibika. Unamwuliza bei, anakutazama, koo linapanda linashuka, halafu ndo anajibu. Lakini walizoea, na wakaanza kumpenda, na hapo ndipo matatizo ya Bi Mwatima yalipoanza. Maana mtu akishaamua kuwa mwema mtaa mzima humjua kabla ya magharibi. Kwenye foleni ya sukari Jaku aliwapisha mbele wenye watoto, akawapisha wazee, akampisha mtu mmoja kwa sababu alionekana ana haraka, akafika dirishani dirisha linafungwa. Akarudi nyumbani na kikapu kitupu na uso unang'ara. Bi Mwatima alikunywa chai ya chumvi siku hiyo, kwa makusudi, mbele yake, mpaka kikombe kikaisha. Ajabu ni kwamba usingizi wa Jaku ulikuwa mzuri, mwili ukanawiri, na yule bwana wa Vuga akamwita tena.

Ramadhani shida ilikuwa moja tu. Watu wengine wakifunga hutema mate siku nzima, njia zote zinalowa, na Jaku kazi yake ni kuyameza. Alikwenda kumwuliza mwalimu wa msikitini. Mwalimu akamwambia mate yako mwenyewe hayafunguzi, maadamu huyanywi kwa kikombe.

Haya. Siku hiyo Jaku aliacha kamba zake, akatoka kwenda kulifuata bakuli.

Bi Khamisa alikuwa mjane, nyumba yake ya tatu kutoka kwao, mguu mmoja mbovu na mdomo mzima. Siku zote ukipiga hodi husikia sauti yake kabla hujamaliza. Siku hiyo Jaku alipiga hodi, kukawa kimya. Akapiga tena. Ndani kukasikika kitu kinaburuzwa, kisha Bi Khamisa akafungua mlango kidogo, pua tu ikatoka.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba, Bwana Jaku. Umekuja kufuata..." akasita. Macho yakamjaa aibu.

Hapo Jaku akaelewa, maana Mzanzibari yeyote angeelewa. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa futari, unaosha bakuli, unatia ndani chochote ulichonacho, unarudisha. Mwaka wa neema huna haja hata ya kufikiri, mabakuli yanapishana njiani kama watu wanaotoka sala ya Ijumaa. Lakini mwaka ule watu hawakuwa na kitu cha kutia. Na kurudisha tupu, bora ulimeze bakuli lenyewe. Basi kila nyumba ilikuwa imekalia vyombo vya nyumba nyingine, na kila mtu anapita mbio mlangoni kwa jirani asije akaulizwa. Nusu ya mtaa walikuwa hawasemezani, na ugomvi wenyewe hakuna.

Jaku akameza mate. Akalitazama neno "bakuli" lililokuwa ulimini mwake, akaona hapana, hili likitoka litamvunja mama wa watu mguu wa pili.

"Nimekuja kukujulia hali," akasema.

Pua ikapumua. Mlango ukafunguka wote. "Karibu, mwanangu, karibu. Mie nikadhani umefuata bakuli."

"Bakuli gani?" akasema Jaku, na mara akakumbuka amefunga na uongo haufai, akaongeza haraka, "Yaani, liko wapi?"

Bi Khamisa akakaa kitandani, akajifunika uso na ncha ya kanga. "Ngoja nikwambie, usinicheke. Jirani Masoud, huyu dereva, aliniletea samaki, changu wawili, kwenye kisahani. Kisahani chake kikakaa hapa, nami sina cha kutia. Mara mwanangu wa Bububu akaniletea boga. Nikasema alhamdulillahi, ntamrudishia Masoud kwa boga. Lakini boga haliingii kwenye kisahani. Nikatazama, chombo kikubwa nnacho kimoja tu."

"Bakuli la Mwatima."

"Nikasema atalitoa boga, atanirudishia siku ile ile. Hajarudisha. Kapera yule, atatia nini? Anapika maji tu." Akalia kidogo, kisha akacheka kidogo. "Na kisahani chake ninacho bado, kimo uvunguni, nimekisukuma ulipopiga hodi."

Jaku alikiona kitanda alichokalia, kimelegea mpaka bibi amezama katikati. Akameza mate. Bakuli lilikuwa linamwita, na alasiri inakuja. Lakini kamba moja ya miguuni ilikuwa imekatika, na atakayelala hapo leo atajigeuza kwa mguu mmoja. "Ondoka hapo kidogo," akasema. Akakikaza upande wa miguuni, fundo moja moja, bila haraka, na huo upande wa pili akaahidi kurudi kabla ya magharibi.

Jaku alimkuta Masoud Darajani, anapanga mapakacha juu ya gari lake la mbao. Alikuwa kijana mrefu, amehamia mtaani mwezi wa Rajabu tu, hajajua bado nani mke wa nani. Alipomwona Jaku, jirani wa Bi Khamisa, alijificha nyuma ya gari. Miguu yake ilibaki inaonekana chini.

"Masoud," Jaku akaiambia miguu.

"Naam."

"Toka, baba. Sikukasirika."

Masoud akatoka, kofia ameshika mkononi. "Shikamoo, Mzee Jaku. Bi Khamisa kakwambia."

"Marahaba. Kaniambia. Liko wapi?"

"Mzee, mie kapera. Hebu niambie kweli, kapera atatia nini ndani ya bakuli kama lile? Nilitaka kutia ndimu, nikaona kama matusi. Likakaa pale linanitazama. Nikilala nalo, nikiamka nalo. Mwisho nikasema ntalipeleka shamba, huko wana mpunga wao. Kuna bibi mmoja hupanda gari langu, fundi wa mkate wa kumimina, ule wa mchele, nikamwomba anijazie, nami nimbebee mizigo yake mjini bure. Akakubali."

"Shamba wapi?"

"Mkokotoni."

Jaku alitaka kumeza mate, mate hayakuwepo.

"Bibi gani huyo?"

"Jina sijui, tunamwita Bibi tu. Mfupi, akisema hufumba jicho moja kama anakulenga. Mzuri sana yule bibi, ila ana tatizo la mkwe."

"Mkwe gani?"

"Eh, usiniulize. Njia nzima, kutoka Mkokotoni mpaka tunaingia Bububu, habari ni ya mkwe. Anasema ana mkwe hapa mjini, ukimwachia kuku, jioni kuku yuko kwa jirani. Ukimpa nazi, anauliza nani hana nazi. Anasema siku zile alikuwa na kisirani, na bora siku zile, maana mtu mwenye kisirani angalau vitu hukaa ndani."

"Anaitwa nani huyo mkwe?"

"Hamtaji. Humwita 'yule'." Masoud akacheka. "Mie namhurumia yule, sijui ni nani."

Jaku akakaa juu ya pakacha la ndizi. "Alipoliona bakuli alisemaje?"

"Hapo ndo ajabu. Alilitazama sana. Akafumba jicho. Nikadhani halimpendezi. Akasema, 'Mwenye bakuli hili namjua, ntampelekea mwenyewe.' Nikamwambia hapana, Bibi, limetoka kwa Bi Khamisa, mkate ni wake. Akasema, 'Tutaona.' Leo alasiri nnamleta."

Masoud akapanda, akapiga honi, gari likaondoka na moshi wake. Jaku alibaki pale. Angeweza kurudi nyumbani amwambie Mwatima afunge nguo zake mwenyewe, aokoe wakati. Angeweza kwenda Kiembe Samaki kwa ndugu yake akakae mpaka Idi, na kwa kweli alitembea mpaka njia panda akaitazama njia ya Kiembe Samaki kwa muda. Lakini akafikiri Mwatima atamkabili mama yake peke yake, amejilaza ameelekea ukutani, na kile kiduara kisicho na vumbi juu ya kabati kinasema kila kitu. Akarudi stendi akangoja. Alipokuwa akingoja alimsaidia mtu mmoja kuokota ndimu zilizomwagika, na hilo hakulifikiria kabisa, mikono ilikwenda yenyewe.

Gari likaja alasiri. Bi Sichana akateremka wa kwanza, mfupi, kanga mpya, kifuani amekumbatia kitu cha duara kimefungwa kwenye kitambaa, kishikio cha komamanga kimetokeza juu.

"Shikamoo, mama," akasema Jaku.

"Marahaba. Kumbe u hai." Akampa kuku mzima, kifungu cha nazi na mkeka. Bakuli hakumpa. "Na kuku huyo nnamjua sura," akaongeza. "Ntamtafuta."

Nyuma yake Masoud alikuwa ameshika usukani, anamtazama bibi, anamtazama Jaku, mdomo wazi, anazihesabu safari zote kutoka Mkokotoni na kila alilolicheka. Mwisho akajiinamia akajifanya anatengeneza gea.

Walitembea mpaka Kiponda. Kuku tu ndiye aliyekuwa akisema. Walipoupita mlango wa Bi Khamisa, pua ilikuwa nje, ikaliona bakuli, ikaingia ndani.

Bi Mwatima alikuwa amekwisha kuamka. Alikuwa amefagia, amechoma ubani, na juu ya kabati, mahali pa bakuli, ameweka taa ya kandili, lakini kandili ilikuwa ndogo na duara lilionekana pembeni kama mwezi uliopatwa. Akambusu mama yake mkono. Bi Sichana hakuketi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kabati, akaiondoa kandili, akaliweka bakuli pale, likaenea sawasawa. Akalifunua. Mkate wa kumimina, mweupe, umekatwa vipande, ukatoa harufu ya iliki mpaka watatu wote wakameza mate, na wawili wao hawakuwa na desturi hiyo.

"Nimeupika mie," akasema Bi Sichana. "Nimelijua tangu dereva aliposhuka nalo kwenye gari. Nikasema sitii kitu humu. Lakini bakuli limeshafika mkononi mwangu tupu, nifanyeje, nilirudishe tupu? Hata likiwa la kuibiwa utalitia kitu." Akageuka. Jicho likafumba. "Sasa. Miaka yote nilisema neno moja tu. Mwatima, funga nguo zako."

Jaku alimtazama mkewe, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwambia maneno ya kutosha Ramadhani tatu. Bi Mwatima alikuwa amesimama karibu na kitanda. Taratibu akakaa. Akakamata kamba za kitanda kwa mkono mmoja, zile alizozifunga Jaku baada ya mbuzi, zisizolegea.

"Mama," akasema Bi Mwatima, "bakuli nimelitoa mie."

"Weye?"

"Mie. Bi Khamisa alikuwa mgonjwa. Nikaona mgonjwa akiletewa futari kwenye kitu kizuri, atapata nafuu."

Bi Sichana alifungua jicho lililofumba, akafumba la pili. Hili halikuwemo katika nasaha yake. Kama mume ndiye mwenye kosa, unamchukua mke unakwenda naye. Kama mke ndiye mwenye kosa, na ni mwanao, na umemlea mwenyewe, unamchukua nani unampeleka wapi? Angemchukua Jaku? Alimtazama Jaku kama mtu anayepima mzigo, akaona hapana, kule Mkokotoni kuku hawangebaki.

Lakini Bi Sichana hakuwa mtu wa kushindwa kwa neno moja. Akamwendea mkwewe, akasimama mbele yake, kichwa kinamfika kifuani.

"Haya, weye," akasema. "Umefunga?"

"Nimefunga, mama."

"Basi nambie, kwa haki ya funga yako. Ni kweli kalitoa huyu?"

Jaku akameza mate. Neno la kwanza lililokuja lilikuwa kweli, na hilo lingempandisha Mwatima gari la asubuhi. Akalimeza. La pili lilikuwa uongo, na siku nzima ya njaa ingekwenda bure. Akalimeza nalo. Bi Mwatima alikuwa anamtazama, mkono bado umekamata kamba. Bi Sichana alikuwa anangoja, jicho limelenga. Kuku chini ya kabati alitoa kichwa, naye akasikiliza.

Mate yalipokwisha, macho ya Jaku yalikuwa yametua juu ya bakuli. Akakumbuka. Mkate ule Bi Sichana kaupika, lakini kaupika kwa niaba ya Masoud. Na Masoud alilijaza ili alirudishe kwa Bi Khamisa, badala ya boga lake. Basi mkate ule, kwa haki yote, haukuwa wa nyumba hii. Ulikuwa wa Bi Khamisa, ambaye hana kitu cha kufuturia, na ambaye akiupata atabakisha vipande viwili vitatu ndani, na kwa mara ya kwanza tangu augue ataweza kulileta bakuli mwenyewe, mlangoni, kichwa juu. Na tena upande wa pili wa kitanda chake ulikuwa bado haujakazwa, na magharibi iko karibu.

Akalifunika bakuli. Akalichukua kwa mikono miwili. Akaitia kamba moja begani.

"We Jaku," akasema Bi Mwatima, amesimama. "Jaku, unalipeleka wapi tena?"

"Mwache kwanza anijibu," akasema Bi Sichana. "Nimekuuliza, mkwe. Kalitoa nani?"

Lakini Jaku alikuwa keshapita mlango wa maua, yuko njiani, bakuli kifuani, anatembea taratibu asije akajikwaa.